Siku Niliita Moto, Watu Wakafunga Milango

Wamama wapenzi, nawasalimia nyote kwa jina la Yesu, nyiye wa mbele na nyiye wa nyuma wenye mumekaa karibu na mulango. Nyiye wa mulango, mubaki palepale. Na ule mama mwenye ameegemeza mufuko ya majani ya sombe kwa mulango, tafazali aitoe kwanza. Nangoja. Asante, mama. Ushuhuda yangu ya leo ni juu ya mulango, na siwezi kuusema wakati mulango imezibwa.

Mama mwenye kutuongoza amenipa dakika kumi. Nitajaribu, lakini munanijua, kinywa yangu haina breki. Sitataja mutu jina. Mwenye atajisikia humu ndani, ajisikie pole pole, asigeuke kuniangalia na macho makali.

Kwa nyumba tunaishi watu waliniita Mama Kadena, Mama wa Kufuli. Hawakunisingizia. Miye nilikuwa mutu wa kufunga. Wakati ya vita mulango yetu ilivunjwa na teke moja. Moja tu! Tulikuwa tumelala chini, miye na bwana yangu na watoto, na niliona ile ubao inaanguka sawa karatasi. Tukakimbia na nguo ya mwilini. Tukarudi, tukakimbia tena. Siko peke yangu humu, munajua zile njia. Toka siku ile nilijiambia: nikipata mulango ingine, nitaifunga mpaka ilie.

Kisha ikakuja hii amani yetu, ile yenye inalala na viatu mguuni. Watoto wakaolewa, wakaoa. Bwana yangu akaenda kutafuta zahabu kule migodi ya Kilo, na chenye alipata tukapanga vyumba mbili ndani ya nyumba ya etaje, ya gorofa, ile mupya karibu na soko. Siye tuko etaje ya tatu. Ndugu zangu, nawaambia, siku ya kwanza nilisimama kwa balkon nikaangalia mabati ya watu kule chini, nikasikia kiburi inapanda. Nikasema: mwizi atafika huku juu akiwa amechoka, ataomba kwanza maji ya kunywa.

Siku bayere, mwenye nyumba, alituita siye lokatere, wapangaji wote, tuzungumuze juu ya usalama, miye nilisema kwa nguvu kupita wote, basi wakanichagua shefu wa usalama. Musicheke. Ndivyo watu wanapata vyeo.

Na kazi nilifanya! Kila dirisha nikaipatisha antivol, vyuma minene, hata ile dirisha ya choo yenye paka yenyewe haiwezi kupita. Kwa eskaliye, ngazi ya mbele, chini kabisa, nikawekesha gri ya chuma na kadena ya ukubwa ya ngumi yangu, inafungwa usiku na muchana. Mwenye anataka kutoka, aniite. Kulikuwa tena eskaliye ya nyuma. Sijui mwenye kujenga alikuwa anawaza nini, miye niliona tu kwamba mulango ya pili ni mwizi wa pili. Milango yake ya kila etaje nikaipigisha misumari. Na sababu ile nafasi ya chini ilibaki bure, tukaanza kupanga vitu pale: magunia ya makaa, bidon tupu za maji, matela ya kulalia yenye imeoza, viti yenye haina miguu. Kila mutu alileta yake. Miye nilileta magunia tatu.

Fundi wa chuma mwenye kutuwekea ile antivol alikuwa kijana wa heshima. Alisimama na mashine yake mukononi, akaniuliza: "Mama, na kama moto inawaka?"

Nikamujibu mbele ya watu: "Moto haikuje kuiba. Weye funga."

Watu wakacheka, na yeye akafunga. Ile neno muiweke pale pembeni, nitairudilia.

Ikabaki mambo ya alama. Nyiye wote munajua huku kwetu, watu wabaya wakiingia kwartie, mutaani, unapiga sufuria. Miye niliitungia sheria. Ukisikia sufuria, unafunga mulango, unazima taa, unalala chini, unanyamaza. Hufungulie mutu, hata akiita jina yako, hata kama unajua sauti yake muzuri, sababu pengine wamemushika wanamulazimisha. Na tulifanya mazoezi, kila Jumamosi! Napiga sufuria kule chini, kisha napanda natega masikio kwa kila mulango. Mwenye anakohoa namulaumu mbele ya wengine. Kulikuwa baba moja wa etaje ya ine, juu yetu, mutu wa Lingala, alitoka mbali kule kwa muto mukubwa, Swahili yake ni ya kuhesabu kwa vidole. Ule baba alikuwa na chafya. Nilimutesa, maskini, mpaka akajifunza kupiga chafya ndani ya muto ya kulalia.

Sasa anaingia mama mukwe wangu. Yuko hapa leo, pale kwa benchi ya tatu. Musimugeukie wote mara moja, jamani, atajificha!

Alitoka Bogoro na kikapu ya mihogo na kuku moja mweusi. Bwana yangu alinitumia neno toka Kilo: "Uniangalilie mama. Sina mwingine." Basi mama alipanda ile eskaliye akishika ukuta na mikono mbili, akafika juu, akaangalia huku na huku, akasema: "Kumbe munaishi kwa kichanja."

Kichanja, wamama! Ile ya kukaushia mahindi na nyama juu ya mafiga!

"Mama," nikasema, "hii inaitwa etaje."

"Sawa," akasema. "Lakini chenye kinawekwa kwa kichanja, ni vile mutu anataka kikauke."

Nikamupokea kikapu, sababu ni mama ya mutu. Lakini kufunga, ule mama hakujua. Alifungulia kila mwenye kugonga: wa sabuni, wa samaki ya makayabo, wa kuuliza njia. Siku moja narudi toka soko, nakuta baba simujui amekaa kwa kiti ya bwana yangu, anakula maharagi yangu. Nauliza: "Mama, huyu ni nani?" Ananijibu: "Bado sijamuuliza, alikuwa na njaa."

Hapo nikanunua kadena ingine. Nikaiweka inje ya mulango yetu, juu kabisa, kusudi mwizi asiifikie vizuri. Nikitoka, namufunga ndani. Funguo kwa kamba, kamba kwa shingo. Siku ya kwanza alisema nyuma ya mulango, bila kelele: "Binti yangu, kwetu hata ng'ombe inafungwa na kamba, na kamba inaweza kukatika." Nilimusikia muzuri. Nikashuka.

Siku yenyewe ilikuwa ya kazi, muchana, na mvua, ile ya kupiga mabati mpaka watu hawasikilizane. Maharagi yangu ilikuwa juu ya babula, jiko ya makaa, kwa kiwanja. Mvua inakuja, miye nainua babula na makaa yake, naitafutia pahali pakavu. Pakavu ilikuwa wapi? Chini ya eskaliye ya nyuma, kando ya magunia. Nikajisemea, dakika mbili tu. Hapo jirani wa chini ananiita, anasema amesikia habari. Wamama, munajua vile inakuwa mutu akikuambia amesikia habari. Nikakaa kwa jikoni yake. Habari ilikuwa ndefu, na ilikuwa tamu, na haikuwa ya mutu wa humu, musiogope.

Tulishituka na harufu. Natoka inje, naona moshi inatoka pale chini, mweusi, ya matela na plastiki, na inapanda ndani ya ile eskaliye yenye niliziba juu, inatafuta pa kutokea. Inatokea kwa nafasi ya milango, kila etaje. Na ndimi za moto tayari zinalamba magunia yangu.

Kichwa haikuwaza kitu. Mukono ndio iliwaza. Ilikamata sufuria ya jirani, ikachukua muiko, ikapiga. Nikapiga! Nikapiga mpaka muiko ikavunjika.

Wamama, mulisha kusikia nyumba nzima ikitii? Kra, kra, kra, kra. Milango yote inafungwa. Mapazia yanashuka. Watoto wenye walikuwa wanalia wakanyamaza. Familia tisa zikalala chini kwa simenti, hakuna mutu hata anakohoa, na moshi inaingia! Hata ule baba wa chafya, kimya!

Nikapiga kelele: "Fungueni! Ni miye!" Nani atafungua? Si niliwafundisha wasifungulie sauti yenye wanajua? Naita majina moja moja. Kimya. Nilikuwa mwalimu muzuri sana, Mungu anisamehe.

Nikasema labda wataelewa neno yenyewe. "Moto! Moto! Moto!" Na wengine wangeelewa kama haikuwa mvua kwa mabati. Mwenye alisikia ni ule baba wa etaje ya ine. Lakini kwa Lingala, ndugu zangu, moto ni mutu. Yeye alisikia: "Mutu! Mutu! Mutu!" Akasukuma kabati nyuma ya mulango, akaongezea na frigo.

Nilikumbuka ile neno nilisema kwa fundi, moto haikuje kuiba. Na nilikumbuka mwenye yuko juu. Nilimufunga na mukono yangu. Wengine wako nyuma ya milango yao, wanaweza kufungua wakitaka. Mama mukwe wangu yeye hawezi, hata akitaka, sababu funguo iko kwa shingo yangu. Sikuwaza nitamuambia bwana yangu nini, sitasema uongo hapa. Niliwaza tu ile sauti yake ya pole nyuma ya mulango. Nikalia pale ndani ya mvua, nikamuambia Mungu, chukua miye, usimuchukue yeye.

Na nikiwa nalia, nasikia sauti toka juu. Ni yeye, amebandika uso kwa antivol ya etaje ya tatu, anaita: "Maji! Maji! Nipeeni maji!" Alitaka tu ya kulowesha kitenge, sababu bidon yetu ilikuwa karibu tupu.

Mulango moja ya etaje ya pili ikafunguka. Kra! Kichwa ya mama moja ikatokea: "Maji imekuja?"

Wamama, nyiye munakaa hapa Bunia. Robine yetu, bomba ya maji, ilikuwa imekauka tangu siku nyingi, na ikitoa, inatoa kidogo tu, mwenye anachelewa anakosa. Mungu akanifungua akili. Nikavuta pumzi yote yenye kifua yangu iko nayo, nikaita: "Maji imerudi! Maji iko natoka kwa robine! Mushuke na bidon!"

Ilikuwa uongo. Nilitubu palepale, miguu ikikimbia.

Hiyo nyumba ilifunguka yote! Watu walishuka sawa kwamba wanamwagika, baba na mama na watoto, kila mutu na bidon, wanasukumana, wanakanyagana kwa ndala, hawaoni hata moshi. Ule wa Lingala niliambiwa alitoa frigo na kabati kwa mukono moja. Wanafika chini, wanakuta nini? Gri yangu. Na kadena ya ukubwa ya ngumi yangu.

Nikatoa funguo. Ilikuwa kumi na moja kwa kamba moja, na nilikuwa nimetoa alama yote kusudi mwizi akiziiba achanganyikiwe. Sasa mwizi ni nani? Naingiza ya kwanza, hapana. Ya pili, hapana. Watu wananipigia kelele kupitia vyuma: "Fungua, Mama Kadena! Maji itakatika! Unatuchelewesha kwa makusudi, umeshajaza ya kwako!" Na miye siwezi kuwaambia kuna moto, watakanyagana pale. Nasema tu: "Polepole, wapenzi, maji ingalipo." Funguo ya tisa ikakubali.

Wakatoka. Ule baba wa Lingala akanisimamia mbele na bidon tatu: "Mama, maji iko wapi?"

"Maji iko ndani ya pipa ya mvua! Moto iko kule!"

"Moto nani?" anauliza. Mutu gani?

Nikamugeuza kichwa na mikono yangu mbili mpaka akaona. Akasema neno moja ya kwao, sitaisema kanisani, akakimbia kuchota.

Miye nikapanda. Wote wanashuka, miye napanda. Etaje ya pili nilikuwa bado naona miguu yangu. Etaje ya tatu sikuona tena kitu, macho inawaka, kifua inakataa. Nikafika kwa mulango nikigonga ukuta. Na chini kabisa, karibu na vidole yangu ya mguu, nasikia sauti: "Weye, lala chini! Moshi iko juu, hewa iko chini. Hujapikia ndani ya nyumba ya majani, weye?"

Nikalala. Na kweli, kule chini kulikuwa hewa ya kuvuta. Alikuwa amelala kwa upande wake wa mulango, ameziba chini ya mulango na kitenge, ameilowesha na supu ya sombe sababu ndiyo maji ilibaki. Anasukuma kitenge kidogo, ananisemesha kwa nafasi, pua na pua, sawa kwamba tuko tunaungama.

"Mama," nikasema, "unisamehe."

"Utaomba msamaha inje," akasema. "Kadena iko wapi?"

"Iko juu."

"Nani aliiweka juu?"

"Ni miye, mama."

"Basi vuta pumzi hapa kwangu, uifunge ndani, simama, fungua, rudi chini."

Nikavuta, nikasimama. Ile funguo niliijua, ilikuwa ndogo kupita zote. Ikaingia. Kadena ikaanguka kwa kichwa yangu, kovu ni hii, mutaiona kisha ibada. Tukatoka kwa tumbo, yeye mbele, miye nyuma, kuku mweusi amefungwa mugongoni mwake na kitenge ingine, anapiga kelele kwa wote watatu. Tukashuka eskaliye kinyumenyume, sawa watoto wenye hawajajua kutembea.

Inje, lokatere walikuwa wamepanga mustari toka pipa mpaka kwa magunia, bidon kwa bidon, na moto ilikuwa inakufa. Mvua ilijaza pipa kupita vile robine iliwahi kuijaza. Hakuna mutu alipotea. Hakuna hata moja. Nilikaa ndani ya matope nikamushika mama miguu, nikalia na sauti ya mutoto. Yeye alikuwa anaangalia ile nyumba yenye kutoka moshi kwa kila dirisha, akasema: "Si nilikuambia ni kichanja."

Sasa munajua juu ya nini sikuonekana hapa wiki tatu. Mulisema niko mugonjwa. Nilikuwa na haya. Nilirudisha cheo, nikawaambia lokatere moto ilikuwa babula yangu na maharagi yangu, nikaomba msamaha mulango kwa mulango. Mama mukwe alifunga kikapu yake arudi Bogoro. Nikapiga magoti. Akaniambia atabaki kama nampa kitu moja. Nikafikiri ni kitenge mupya. Alitaka kadena.

Namushukuru Mungu, na namushukuru ule fundi wa chuma. Nilimufuata nikamuambia, kijana, uliuliza swali ya akili na nikakujibu upuzi. Alirudi, hakunicheka sana. Antivol ya kila etaje sasa iko na moja yenye inafunguka toka ndani. Eskaliye ya nyuma haina tena musumari, haina tena gunia, na gri ya mbele inafunguka na mukono kwa upande wa ndani. Nawashukuru lokatere wenye walinirudisha kwa cheo, walisema sasa nimejua kuogopa vitu mbili. Sufuria imebaki ya watu wabaya. Kwa moto tulitafuta neno yenye kila mutu, hata wa Lingala, anaweza kuelewa. Tukakubaliana: kwetu moto ikiwaka, tunaita "Maji!" Na wote wanashuka na bidon.

Juma iliyopita maji ilirudi kwa kweli. Mutu akasahau, akaita. Watu wote walikuwa kwa barabara mbele nifike kwa mulango, mama mukwe ndiye wa kwanza, na kuku wake. Hakuna mwenye alichota hata tone moja, lakini tulihesabiana, tulikuwa wote.

Wamama, vita ilitufundisha kufunga, na haikutufundisha vibaya. Lakini muende nyumbani leo muangalie ile mulango yenu na mujiulize, mwenye yuko ndani atatoka namna gani. Mutoe magunia. Mutoe matela. Babula isilale kando ya kitu.

Na ile funguo ya mulango yangu, munataka kujua iko wapi? Iko ndani, kwa upande wa mama mukwe, imeingizwa kabisa. Siku hizi nikirudi toka soko ni miye nagonga. Anauliza: "Ni nani?" Nasema: "Ni miye, mama, binti yako." Anasema: "Binti gani?" Anajua muzuri sana. Ananiacha nasimama pale na kikapu kwa kichwa mpaka anamaliza kucheka, na miye nangoja, na nikisikia anacheka, nasikia raha, sababu najua anaweza kufungua.